Barabara ya Lamu ina lami, haina habari

Mhariri,

Nakuomba nafasi pana kidogo kuliko ilivyo desturi ya ukurasa wa barua. Nimeendesha basi baina ya Malindi na Mokowe, penye gati la kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, tangu enzi za vumbi na makorongo, abiria akishuka gatini nyusi zimekuwa nyekundu, mpaka lami ilipofika nami nikawakabidhi vijana funguo. Kwa hivyo habari ya njia hiyo siisemi kwa kusikia. Kila mvua zikikaribia, barua za watu wa Lamu na Tana River hujaa magazetini: barabara imekatika, tumelala Minjila, tumelala Gamba, hatukuambiwa. Wengi huomba tuta liinuliwe na makalvati yaongezwe. Naam, yaongezwe. Mimi naomba jambo dogo zaidi: barabara ile imwambie msafiri kilichoko mbele yake kabla hajakifikia.

Leo haimwambii. Ukitoka stendi ya Malindi asubuhi, ukavuka mto Sabaki, ukapita Mambrui, Gongoni na Marereni, chochote unachokijua kuhusu mbele umekipata kwa dereva mwenzio mliyepishana akakuwashia taa na kutoa mkono dirishani. Mkono ukishushwa, kuna polisi. Mkono ukitikiswa, kuna maji. Hiyo ndiyo idara yetu ya habari, na haina ofisi wala zamu ya usiku.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilipata barabara nyingine ya kuilinganisha nayo. Binti yangu anaishi Toronto, Kanada, na mumewe ana kaka yake mji wa Thunder Bay, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Superior. Binti alitaka twende kwa ndege. Mkwe wangu akasema, “Baba ni mtu wa usukani, kwenye ndege ataona nini zaidi ya mawingu?” Nikamuunga mkono mkwe, tukafunga mizigo, binti akatufungia mahamri ya kutosha kulisha basi zima.

Ni kama kilomita 1,400, na zote zimo ndani ya jimbo moja. Ontario peke yake inakaribia kuwa Kenya mbili. Ukitoka Malindi na kwenda masafa hayo utakuwa umeshaipita Kampala. Tofauti ni kwamba kati ya Malindi na Kampala humkosi mtu wa kukuuzia mahindi ya kuchoma. Kule watu karibu wote wamejazana kusini, na ukishauacha mji wa Sault Ste. Marie, ulio kwenye lango la ziwa, ni misonobari, majabali na maji, halafu misonobari tena, mpaka macho yanachoka kwa kijani. Sehemu ya kabla ya hapo siielezi. Ni barabara kubwa zenye magari mengi, na mji wa machimbo ya nikeli uitwao Sudbury, ambapo tulilala.

Nilikaa kiti cha mbele kulia, mahali ambapo kwetu ndipo pa dereva, na mguu wangu ulikanyaga breki isiyokuwepo safari nzima. Mkwe alicheka akachoka.

Nilitarajia njia nne za lami tupu. La. Barabara namba 17, ambayo ni sehemu ya barabara kuu ya Kanada inayotoka bahari moja hadi nyingine, kwa sehemu kubwa ya ziwa ni njia mbili tu, moja kwenda na moja kurudi, kama yetu ya Minjila. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 90 kwa saa. Wala si ya kale. Kipande cha kutoka Sault Ste. Marie hadi mji wa Wawa kilifunguliwa mwaka 1960. Kabla ya hapo Wawa ilifikiwa kwa reli na kwa meli. Wapo wazee kule wanaokumbuka maisha bila barabara, sawa na wazee wa Lamu.

Lakini ile barabara, jamani, inasema! Kabla ya kona kali kuna kibao cha manjano kinachokupa mwendo wa kuikatia kona hiyo. Kabla ya mahali pa kuovateki kuna kibao kinachokuambia kwamba baada ya kilomita mbili utapewa njia ya tatu, kwa hivyo huna sababu ya kumvamia mtu mlimani. Kibao hicho nilikitazama kwa wivu. Dereva wa kwetu huovateki penye hatari kwa sababu hajui kama mbele atapata nafasi nyingine, na anahisi kila nafasi ni ya mwisho. Mahali panapoitwa Montreal River barabara huteremka hadi mtoni, huvuka, kisha hupanda mlima mrefu unaojulikana na kila dereva wa lori wa upande ule. Mbele yetu palikuwa na lori la magogo, linapanda kwa gia ndogo, injini inalia. Mkwe alitulia nyuma yake, akangoja, na njia ya tatu ikaja palepale kibao kiliposema.

Mlima huo huo kijana Terry Fox aliupanda mwaka 1980 akikimbia, mguu mmoja wake na mmoja wa bandia, akichangisha pesa za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, ndipo ugonjwa ukamsimamisha nje kidogo ya Thunder Bay. Pana sanamu yake karibu na hapo. Mimi nimeupanda nimekaa na bado nilitoka jasho.

Halafu kuna vibao vya mnyama aitwaye musi, jamaa wa kulungu lakini mkubwa kuliko ng’ombe, na vimeandikwa hatari ni usiku. Mkwe alinieleza sababu. Mnyama huyo ni mweusi, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba taa za gari dogo humpita chini ya tumbo. Ukimgonga, bampa inafagia miguu, na mwili wote wa kilo mia nne au tano unaangukia kioo cha mbele, juu ya dereva. Sisi tuna nyati, twiga na viboko kati ya Gamba na Witu. Nimewahi kuzima injini usiku nikamngoja nyati mmoja amalize shughuli zake katikati ya lami, utingo akinisihi nisipige honi. Abiria wapya waliniuliza mbona nimesimama. Wangejuaje?

Ndani ya hifadhi ya Lake Superior tulifika kwenye jabali la Agawa, lenye michoro ya wenyeji wa ziwa hilo, Waanishinaabe, iliyochorwa kwa udongo mwekundu juu ya uso wa mwamba unaotazama maji. Kibao cha hapo hakimbembelezi mtalii. Kinamwambia mwamba unateleza na mawimbi yanaweza kumzoa. Siku hiyo ziwa lilikuwa na mawimbi. Nikakisoma, nikatafuta jiwe kavu huku juu, nikaketi. Mkwe akateremka akishika kamba, akarudi na picha kwenye simu: Mishipeshu, mnyama wa majini mwenye pembe na miiba mgongoni, na mitumbwi karibu naye. Nilitosheka na picha.

Sasa nifike penye choo, maana ndicho kilichonifanya niandike barua hii.

Mbele zaidi, kwenye ghuba iitwayo Old Woman Bay, barabara inashuka mpaka karibu na mchanga. Pana maegesho, meza za mbao na vibanda. Nikaenda kujisaidia nikitarajia vigae na maji ya moto. Nikakuta choo cha shimo, Mhariri. Nchi ya madola na theluji, choo cha shimo! Kibanda kimeezekwa vizuri, kiti cha plastiki, bomba la hewa limepanda mpaka juu ya paa, karatasi ya akiba imewekwa, na ukutani chupa ya dawa ya mikono. Umeme hakuna, maji ya bomba hakuna. Nilikuwa na chupa yangu ya maji kama msafiri yeyote Muislamu, nikamaliza haja zangu kwa heshima. Hakinuki, na mlango una komeo linalofunga.

Miaka yote niliyoshika usukani, mwanamke aliyebanwa kati ya Garsen na Mokowe alikuwa hana budi kuomba basi lisimame, kisha achague kichaka kisicho na mtu wala nyoka, wenzake wakimzungushia leso. Na zile siku za wasiwasi wa kushambuliwa njiani, tunapokwenda kwa msafara wa polisi, hata kusimama haturuhusiwi. Kina mama wengi walikuwa hawanywi maji tangu usiku wa kuamkia safari. Nimewaona wajawazito wakilia kimya kimya kwenye viti vya nyuma, mimi nikiwatazama kwa kioo na kushindwa la kufanya. Kizuizi cha polisi kipo, askari wapo saa zote, basi linasimama pale kwa lazima, vitambulisho vinakaguliwa mmoja mmoja. Mahali pa namna hiyo pakikosa choo cha shimo chenye komeo, usiniambie sababu ni umaskini.

Pembeni ya kibanda kile palikuwa na pipa la taka la chuma, zito, halina mahali pa kulishika. Nikalizunguka na ganda langu la ndizi mkononi. Mtoto wa kike wa watu tusiowajua, hajafika miaka minane, akaja akanionyesha bila kusema neno: unaingiza vidole chini ya kikombe cha chuma, unabonyeza kidude kilichojificha ndani, kifuniko kinafunguka. Mkono wa dubu ni mnene, haupiti. Nikajaribu tena na tena kwa kufurahia tu, mtoto akaniacha akaenda zake.

Ziwa lenyewe linataka barua yake. Lina eneo la kilomita za mraba elfu 82 hivi, na Victoria yetu ni kama elfu 68. Kina chake kinapita mita 400 ilhali Victoria haifiki hata mita mia. Nilichovya kidole nikaonja. Tamu, baridi, haina chumvi hata chembe, na pua yangu ikagoma kuamini kwa sababu macho yalikuwa yameshaamua kwamba ni bahari. Nikakaa mchangani nikingoja maji yatoke. Hayatoki! Hakuna bamvua wala maji mafu. Mawimbi yapo, tena makubwa, lakini ufuo wa alfajiri ndio ufuo wa alasiri. Mvuvi wa Malindi angekosa pa kuanzia siku yake. Nikaingiza miguu hadi vifundoni, jua la mwezi wa sita likiwaka, na mifupa ikaniuma.

Asilidharau mtu kwa kuwa ni ziwa. Tarehe 10 Novemba 1975 dhoruba iliizamisha huko meli ya kubeba madini ya chuma, Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, na mabaharia wote 29 wakafa. Novemba kwao ndiyo kusi letu la Juni na Julai, wakati ambao nahodha mwenye busara anapata kazi nyingi za kufanya bandarini.

Jua la kule halina haraka. Magharibi tuliiswali hapo ufuoni karibu saa nne za usiku. Kwetu Malindi kibla ni kaskazini karibu sawasawa. Kule ni kaskazini mashariki, hivyo ziwa likabaki mgongoni na msitu ukawa mbele yetu, na visubi wakafanya ibada yao nyuma ya masikio yetu. Wanauma, na uvimbe wake haupungui kwa siku mbili. Hakuna aliyeniwekea kibao cha visubi.

Wawa tulikuta bata bukini wa chuma, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa moja. Barabara mpya ilipofunguliwa 1960 haikupita katikati ya mji, na wafanyabiashara waliona magari yatapita moja kwa moja. Wakamsimamisha bata njiapanda ili mtu ashangae, asimame, aulize, aingie mjini anywe chai. Yule wa sasa si wa kwanza, wamembadilisha alipochakaa, lakini kazi yake ni ile ile. Tulisimama. Tukanywa chai, mbaya lakini ya moto, na tukatia mafuta.

Niliifikiria Witu nikimtazama bata yule. Witu ilikuwa na sultani wake, ikawa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885 hadi 1890 walipoiachia Waingereza. Na ukipinda kwenda Kipini, huko ndiko wenyeji wanakoonyesha kaburi la Fumo Liyongo, ambaye kila mtoto wa pwani amehadithiwa habari zake. Nimepita njia hiyo maisha yangu yote ya kazi na sijaona kibao cha kumwambia abiria hata kimoja kati ya hayo. Abiria anaijua Witu kama mahali pa kununua maembe dirishani.

Baada ya Wawa simu ilikufa. Mkwe aliniambia nisishangae, mtandao unapotea kwa masafa marefu upande ule. Hapo ndipo nilipouliza swali la dereva: tukikuta barabara imefungwa? Akasema alishaangalia kabla hatujatoka. Jimbo lina huduma inayoitwa 511, unapiga simu au unafungua kwenye intaneti, unaambiwa wapi kuna ajali, wapi wanatengeneza, wapi pamefungwa. Halafu akanionyesha geti. Geti kabisa, mkono wa chuma kando ya barabara, umefunguliwa kwa kuwa ni kiangazi. Majira ya baridi dhoruba ya theluji ikija, polisi wanalifunga. Nami nikatazama limewekwa wapi. Limewekwa kwenye kutoka mjini, penye hoteli, petroli na chakula. Msafiri anazuiwa akiwa bado ana pa kulala.

Sisi tunazuiwa na maji yenyewe. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipoujaza Tana, maji yalifunika barabara sehemu za Lango la Simba na Gamba. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini stendi sijaiacha, kahawa yangu ya asubuhi naiywea pale. Madereva walikuwa wameshapigiana simu tangu usiku, habari wanazo. Na bado asubuhi tiketi zinakatwa, mizigo inapandishwa juu, mtu anakwenda. Ukimuuliza wa tiketi anakuambia, “Mzee, huenda maji yakapungua.” Mama mmoja alikuwa na ndoo mbili za kaa. Jamaa mwingine alikuwa na barafu ya chanjo, au ndivyo alivyosema, na tarehe ya kufika. Walikwenda. Waliporudi stendi kesho yake kaa walikuwa wananuka tangu getini, na nauli haikurudishwa. Kampuni siitaji, kwa kuwa si moja.

Na wakifika kwenye maji, kipimo ni utingo. Nimelifanya hilo mwenyewe mara nyingi na kila dereva wa njia ile amelifanya. Utingo anavua suruali, anatangulia kwa miguu akipapasa ukingo wa lami. Yakimfika magotini tunapita. Yakimfika mapajani tunarudi. Sasa utingo mfupi na utingo mrefu watatoa majibu mawili kwa mto ule ule, na abiria sitini wanasubiri jibu ndani ya gari. Nguzo mbili zenye mistari ya rangi, moja kila upande, zingemaliza ubishi huo.

Kule nao si kwamba hawakatikiwi. Kwenye mto Nipigon, karibu na mwisho wa safari yetu, kuna daraja linaloning’inia kwa nyaya nyeupe, na hapo ndipo barabara zote mbili kubwa, ya 11 na ya 17, zinapokutana kuwa moja. Hakuna njia nyingine ya gari kutoka mashariki kwenda magharibi ndani ya Kanada. Daraja jipya lilifunguliwa Novemba 2015. Januari 10, 2016, kwenye baridi kali, bolti za upande mmoja zilikatika na sakafu ikanyanyuka kama sentimita 60. Nchi nzima ikakatika vipande viwili kwa bolti. Aliyetaka kwenda upande wa pili kwa gari ilibidi azungukie Marekani. Kesho yake njia moja ilifunguliwa kwa magari madogo. Tulipita juu yake taratibu, mkwe akinisimulia, na mimi nikiliwaza daraja la Sabaki.

Kwa hivyo sisemi wenzetu hawana matatizo, na si kila kitu cha huko ni cha kuiga. Mtu asiye na gari kule ana dhiki kuliko sisi. Kampuni kubwa ya mabasi ya nchi nzima iliacha njia hizo mwaka 2018, na sasa kuna basi la jimbo ambalo safari zake ni za kuhesabu. Njia nzima ya ziwa nilitafuta basi kama mtu anavyotafuta sura ya ndugu kwenye umati. Nililiona moja, limesimama kwenye kituo cha mafuta, dereva anafuta kioo. Nikamsalimu kwa ishara zetu za barabarani, akanijibu kwa heshima, sijui alielewa nini. Malindi mabasi ya Lamu yanaondoka kila siku, na Lamu ikishiba tunashiba sote. Hilo tunalo, wao hawana. Nao samaki wao wa kukaushwa kwa moshi, tuliyemnunua kando ya njia akiwa amefungwa kwenye karatasi, ni mzuri, lakini kwa ng’onda wa Lamu hatii mguu.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, Kanada ni tajiri. Sikuomba daraja lao wala geti lao. Nimeomba mbao, rangi, shimo na komeo. Pili, usalama. Hilo nalielewa kuliko wengi, kwa sababu nimepita Nyongoro kwenye siku ambazo abiria wote wanasoma dua kwa sauti. Saa za msafara zisitangazwe, adui naye ana masikio. Lakini maji ya Tana hayana siri. Kutangaza kwamba yamefunika lami hakumpi adui chochote, na kunamwokolea mgonjwa wa Lamu anayekwenda Mombasa hospitali usiku mmoja wa kulala kwenye kiti cha basi.

Habari yenyewe ipo. Askari wa kizuizi cha Gamba wanayaona maji kwa macho yao alfajiri kila siku. Simu moja kutoka pale kwenda Malindi na nyingine kwenda Mokowe, kabla tiketi hazijaanza kukatwa, inatosha. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa kazi hiyo na mahali pa kuiandika. Ubao mmoja uwekwe stendi ya Malindi, mmoja gatini Mokowe, mmoja Minjila, penye njiapanda ya Lamu na Garsen. Uandikwe kwa Kiswahili: barabara iko wazi, ina maji, au imefungwa, na saa ambayo habari ilipatikana, kwa sababu habari ya jana kwenye ubao wa leo ni mbaya kuliko ubao mtupu. Siku ubao ukisema imefungwa, tiketi isikatwe, na iliyokwisha kukatwa irudishiwe pesa. Wenye mabasi watanuna wiki ya kwanza.

Na ubao wa Minjila, tafadhali, usiwekwe ndani ya njia ya Lamu ambako kila mtu angependa kuuweka ili uonekane ni wa Lamu. Uwekwe kabla ya njiapanda, upande wa kushoto wa anayetoka Malindi, mita mia mbili nyuma. Basi likishapinda kulia limejaa, lina mizigo juu na lina lori nyuma yake, kuligeuza pale si kazi ya dakika tano, na giza likiwa limeingia si kazi ya kujaribu. Likiwa bado kwenye barabara ya Garsen, dereva anakwenda moja kwa moja hadi mjini, abiria wanapata chakula na pa kujinyoosha, na asubuhi wanauliza tena.

Dereva mstaafu,
Shella, Malindi.